Herufi Ndogo

Magari kumi na moja, na moja lisilowaka.
Ndiyo yadi yangu, Malindi, njia ya kwenda Sabaki:
ua wa mabati, lango la mnyororo,
na kibao alichoandika Jefwa kwa rangi iliyobaki:
MAGARI YA MTUMBA. BEI MAELEWANO.
Chumvi ya hapa haina haya.
Leo wapaka bodi, kesho yala milango.

Wakala amekuja na mkoba na leso ya jasho.
Bwana Tsuma. Ana karatasi tatu
na kalamu moja anayoipenda kuliko karatasi zote.

"Ya kwanza, Bi Mwanaesha, ni rahisi. Ndiyo sheria inayotaka.
Stika kwenye kioo, askari hakusumbui, basi."
Mteja akiomba kulijaribu gari?
Ananitazama kama niliyeuliza rangi ya upepo.
"Aah. Mteja." Anafunua ukurasa wa nyuma,
pale maneno yalipokonda kama yaliyofunga Ramadhani mbili mfululizo.
Navaa miwani, ile ya uzi:
isipokuwa, isipokuwa, isipokuwa.
Ukurasa mzima ni mlango wenye komeo kwa ndani.

Ningemweleza, lakini mwaka jana alikuwa Kilifi.
Ilikuwa Jumanne. Kijana mmoja wa Muyeye,
shati la pasi, leseni anayo, nimeiona kwa macho yangu,
akataka kuionja Probox nyeupe, darajani na kurudi.
Nikampa funguo. Kuonja hakuuzwi.
Hakufika darajani.
Breki zilikuwa nzima, nilizijaribu mwenyewe asubuhi;
mguu wake ndio uliokuwa mgeni.
Penye tuta akatafuta breki, akakanyaga mafuta,
na Nyevu yuko kwenye kibago chake, akoroga mbaazi.

Sufuria iliruka. Mahamri yakatapakaa hadi mlangoni mwa kinyozi.
Nyevu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mguu wangu,"
kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau sokoni.

Kijana hana kitu. Mamake ana mbuzi wawili.
Kampuni yangu ya zamani ikaniandikia barua tamu,
mwanzo salamu, mwisho salamu,
katikati: isipokuwa.
Nikaiuza Noah ya buluu kwa bei ya kutupa.
Hospitali ikala. Vyuma vya mguu vikala.
Wakili, aliyenong'ona tu, naye akala.

"Ya pili inafunika yadi: moto, mwizi,
mteja akiteleza kwenye oili ndani ya lango lako."
Na nje ya lango?
"Nje ya lango ni dunia, Bi Mwanaesha."

Ya tatu inafunika dunia, mpaka kiasi fulani.
Mteja mwenye leseni. Fundi wangu akiwa usukani.
Gari lolote litakalovaa namba za majaribio.
Na bei yake, injini nzima ya Vitz kila mwaka,
injini ya kununuliwa ili isionekane.

Jefwa akatoa kichwa chini ya Caldina:
"Mama, hiyo ni kuilipa ajali ambayo haijaja."
Imeshakuja, nikamwambia,
ilikosa tu adabu ya kubisha hodi.

Kinga ina maana mbili kwetu:
iko ya kuzuia, na iko ya kuwashia moto.
Nimesoma karatasi tatu kutafuta ipi ni ipi.

Nikatia sahihi ya tatu. Awamu kumi.
Tsuma akauliza mali iliyomo, nikahesabu:
kumi na moja, na moja lisilowaka.
Hilo nalo liandike. Lisilowaka huweza kuserereka.

Nikavuka barabara. Nyevu amerudi kuuza,
upande wa pili sasa, gongo kando,
nyuma ya mawe matatu aliyoyapaka chokaa mwenyewe.
Hajawahi kuniuliza bima ni kitu gani.
Akanipimia mbaazi, akaongeza kijiko,
akaitazama barabara, kushoto, kisha kulia,
ndipo akanipa chenji.